Kidimbwi Nilichomchimbia Mkaza Mwana Wangu

Mimi ni mchimbaji wa vidimbwi vya samaki, na nikisema mchimbaji msinifikirie mtu mdogo. Kuna wakati watu walihimizwa wafuge samaki, na Gusii nzima, kuanzia kwetu Birongo hadi ng'ambo ya Nyamira, kila mwenye kipande cha bondeni alitaka kidimbwi. Nilichimba hadi mgongo ukasahau kunyooka. Vidimbwi vingine vilishika maji. Vingine vilishika maji kwa muda mfupi, halafu vikageuka mashamba mazuri sana ya nduma, na wenyewe wakala nduma badala ya samaki, wakanishukuru shingo upande. Watu waliniita Injinia, na kwa miaka mingi nilidhani wananisifu.

Jina langu ni Geoffrey Onyiego, mume wa Gesare na mzee wa kanisa la Wasabato. Mtoto wetu wa kiume ni mmoja, Duke. Nilitaka arithi kazi yangu, lakini alipomaliza shule alishika sepetu asubuhi moja tu, akaiegemeza kwenye mgomba, akaenda pwani kutafuta kazi ya udereva. Huko akaajiriwa na watu wanaorusha watalii kwa parachuti. Na mwaka juzi akatuletea mke kutoka kazini.

Mke mwenyewe anaitwa Nyakerario. Ukoo wake ni wa Nyamira lakini amelelewa Nakuru, kwa hiyo Kigusii chake kinachechemea na nyumbani Gesare anaongea naye Kiswahili. Siku ya kwanza Gesare alimuuliza Duke msichana anafanya kazi gani.

"Anaruka kutoka kwa ndege," Duke akasema.

"Anaruka kwenda wapi?"

"Chini, mama."

Gesare akamalizia kumenya ndizi. Mimi kanisani nilisema tu kwamba mkaza mwana wangu anafanya kazi upande wa ndege. Waumini wakadhani anagawa soda angani, na wawili walinijia kuuliza kama anaweza kuwapatia tiketi za bei nafuu. Niliwaahidi nitaulizia.

Hapa msomaji asiye wa kwetu lazima aelewe jambo moja, la sivyo hatauelewa upumbavu wangu. Kwetu, mwanamume na mke wa mwanawe wana heshima baina yao tunayoiita chinsoni. Simpi mkono kumsalimu. Siingii nyumbani kwake. Tukikutana kwenye njia nyembamba nampisha, na macho yangu yanatafuta kitu kingine cha kutazama. Vijana wa siku hizi wameilegeza, lakini mimi ni mzee wa kanisa, nikaikaza kotekote. Nikitaka chumvi, na Nyakerario ndiye aliyekaa karibu na chumvi, namwambia Gesare, Gesare anamwambia Nyakerario, na chumvi inafika ugali ukiwa umepoa.

Sasa, Desemba walipokuja likizo, Nyakerario alisimama uani akiwa na simu yake, akasema ana ombi. Duke alikuwa chini ya gari akifunga nati, akamwachia mkewe aongee. Msichana akanigeukia mimi moja kwa moja, maana wakati huo hakuna aliyekuwa amemfundisha desturi zetu.

"Tata, nataka unichimbie kidimbwi," alisema, akiniita baba kwa Kigusii.

Moyo wangu uliruka. Hatimaye mtu wa nyumbani kwangu mwenyewe anataka kidimbwi! Nikamwambia Gesare amuulize ni cha tilapia au cha kambare.

"Cha mimi," Nyakerario akasema.

Alituonyesha picha za video. Nilizitazama nikichungulia juu ya bega la Gesare. Mtu alikuwa akining'inia chini ya parachuti ndogo, akajizungusha angani, akashuka kwa mwendo wa gari lililokatika breki, kisha alipofika karibu na maji akanyooka akapita juu yake akiburuta mguu, maji yakiruka nyuma yake. Alipofika mwisho wa kidimbwi akasimama kwenye nyasi, akajipangusa. Gesare alisema Yesu.

"Huu mwavuli wangu ni mdogo, uko na mbio sana," Nyakerario alieleza. "Nikikosea kidogo hapo chini, maji inanisamehe. Mchanga haisamehi mtu. Na kuna mashindano nje huko, milimani, mahali hewa ni nyepesi kama hapa kwenu. Pwani hewa ni nzito, mwavuli unaenda pole. Nikizoea hapa, kule siwezi shindwa. Na hiyo bonde yenu, tata, imelala kabisa."

Kweli bonde letu limelala. Ni kipande pekee cha ardhi tambarare unachoweza kukipata upande huu bila kukipigania. Nikatikisa kichwa kama mtu anayepima mambo makubwa, ingawa nilikuwa nimekwisha kukubali. Yeye akaendelea kunipa vipimo. Kiwe kirefu, upana wake kama barabara ya lami. Kingo zisiinuke hata kidogo, ziteremke polepole kama sahani. Pande zote mbili za mwisho kusiwe na mti wala mgomba.

"Na maji iishie hapa," akasema, akajipiga kiganja mwilini.

Najua alijipiga kwa sababu nilisikia kofi dogo juu ya suruali. Alijipiga sehemu gani ya suruali, sikuona. Mzee wa kanisa atatazamaje mwili wa mke wa mwanawe ukionyeshwa kwa kiganja? Mimi nilikuwa nimemkazia macho ng'ombe wetu wa gredi, naye akinikazia mimi. Gesare alikohoa. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata yeye hakuona, kwa sababu wakati ule alikuwa ananichunga mimi nitatazama wapi.

"Umeelewa, tata?"

"Mwambie nimeelewa," nikamwambia Gesare.

Walirudi pwani, nami nikabaki na swali. Goti? Paja? Kiuno? Ungedhani ni jambo rahisi kupiga simu. Hebu jaribu wewe kumpigia mwanao umuulize mkewe alijishika wapi siku ile uani. Mara tatu nilichukua simu, na mara tatu nilimuuliza Duke hali ya mvua huko pwani.

Mwishowe nikaamua kutumia elimu yangu. Nikajiambia hivi: tilapia, ambaye haanguki kutoka popote, nampa kina cha mita nzima. Huyu anatoka mawinguni. Nitampaje maji ya kuku kuoga? Kingo nitaziteremsha polepole kama alivyosema, lakini katikati nitachimba hadi maji yanifike kidevuni, ili akianguka aanguke mahali laini. Na niseme wazi kwamba nilikuwa nampenda yule msichana. Alikuwa akicheka kwa sauti jikoni hadi Gesare, ambaye hacheki ovyo, anacheka. Sikuwa na njia ya kumwambia, ikiwa hata chumvi ilitufikia kwa mzunguko. Kwa hiyo nikamchimbia kina.

Kazi ilikwenda vizuri kuliko kazi zangu zote. Nilikodi vijana wenye sepetu na wilbaro, tukachimba, tukapanga udongo wa mfinyanzi, tukaushindilia hadi ukang'aa. Jirani yangu Machogu, ambaye anafyatua matofali kwenye kipande kinachopakana na changu, alikuja kila siku kutupa moyo kwa namna yake.

"Onyiego, hii ni bwawa ama ni kaburi ya treni?" aliniuliza.

Shida nyingine ilikuwa kuacha ardhi wazi. Nyakerario alitaka nyasi tupu pande za mwisho, na kwetu ardhi tupu inawawasha watu. Asubuhi moja nilikuta mistari mizuri ya mboga ya managu imepandwa mahali mrukaji atakapotua. Nilifoka, nikatafuta mwizi wa ardhi bonde zima. Mwizi alikuwa Gesare. Alisema aliona udongo umekaa bure akasikia vibaya. Tuliing'oa managu tukaila.

Nilipofungulia maji ya kijito, kidimbwi kikajaa na hakikuvuja. Sikuamini. Kila asubuhi nilishuka bondeni kabla ya chai kuhakikisha bado kimejaa. Maji yetu yana rangi ya chai ya maziwa, huoni hata kucha yako ukitumbukiza kidole, lakini kwa juu yalitulia yakapendeza. Nilianza kuwaambia watu sokoni kwamba mambo ya parachuti ni hesabu tu.

Agosti Nyakerario na Duke wakaja. Msichana alikizunguka kidimbwi chote. Alilala kifudifudi kwenye nyasi akitazama kama ukingo umenyooka, akaingiza mguu pembeni, maji yakamfika kifundoni kama alivyotaka. Kisha akaanza kukunja suruali ili aingie apime katikati. Akainua macho, akaniona nimesimama hapo, akaikunjua haraka. Tangu Desemba Gesare alikuwa amemfundisha chinsoni, na msichana alikuwa mwanafunzi mwepesi. Nikasema moyoni, huyu amelelewa akaleleka.

"Mama, mwambie tata amefanya kazi safi sana," akasema.

Gesare akaniambia, ingawa nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kupigwa na kivuli chake.

"Mwambie iko sawa kabisa," nikajibu. Nilitaka kuongeza kwamba katikati nimemwekea zaidi ya alichoomba, lakini niliona zawadi haitangazwi.

Aliruka Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato na sikutaka kueleza mambo mawili kanisani. Nilivaa tai na gambuti. Birongo yote ilikuwa bondeni, na wengine walitoka Kiogoro. Duke alimpeleka mkewe kiwanja cha ndege cha Suneka asubuhi, akabaki huko na redio ya kuongea na rubani. Mtu wa kusimamia kidimbwi hakuhitajika. Nyakerario alikuwa amesema ukianguka kwenye maji haya unasimama tu, unatembea unatoka.

Ndege ilipita juu, ndogo, ikirudi tena na tena. Halafu tukaona doa, na doa likafungua mwavuli mwekundu. Alishuka kwa mizunguko mipana, na alipofika juu ya kilima cha Machogu akajipinda, akaanza kuja kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa kitu chochote kisicho na injini. Wanawake walipiga mayowe. Alinyooka mwanzoni kabisa mwa kidimbwi changu. Mguu wake uligusa maji ukayachora mstari mweupe ulionyooka kuliko mstari wowote niliowahi kuuchora kwa kamba. Nililia. Nilijifanya ni jua, lakini nililia, kwa furaha na kwa majivuno.

Kisha upepo ukateremka kutoka kilimani. Upande mmoja wa mwavuli ulilegea, mguu ukazama, naye akabingirika ndani ya maji katikati kabisa. Watu wakapiga makofi, wakidhani ndiyo mwisho wenyewe.

"Ameoga," Machogu akasema.

Tukangoja asimame. Mwavuli ulitandazika juu ya maji, na chini yake kitu kikapigapiga, kikatulia, kikapigapiga tena. Hapo ndipo nilipofahamu. Alikuwa anatafuta sakafu kwa miguu, na sakafu nilikuwa nimemchimbia mbali.

"Gesare!" nilipiga kelele. "Mwambie asimame!"

Ndiyo. Mke wa mwanangu anazama, na mimi natafuta mtu wa kumpelekea ujumbe.

"Mwambie mwenyewe!" Gesare alinijibu kwa sauti ambayo katika ndoa yetu yote sikuwa nimeisikia. "Onyiego, mtoto anakufa!"

Niliingia. Gambuti zilijaa maji zikawa nzito, tai ikanielea usoni. Nilitembea hadi maji yakanifika kidevuni, mahali palepale nilipokuwa nimepapima kwa fahari. Niliinua kitambaa cha mwavuli, nikapapasa, nikapata mkono, nikapata mikanda ya mgongoni, nikamshika kiunoni kwa mikono yote miwili nikamwinua kichwa chake kikatoka nje ya maji. Kamba zilikuwa zimemfunga miguu. Alikuwa na kisu kidogo mkononi akikata, na nusu ya kamba alikuwa amekwisha kuzikata.

"Nishike shingo!" nikamwambia.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwa mkaza mwana wangu. Alinishika shingo. Nilitembea kwa vidole vya miguu nikinywa maji ya kidimbwi changu, mwavuli ukitufuata nyuma, hadi sakafu ilipopanda na mabega yangu yakatoka. Nilimlaza kwenye nyasi. Alitapika maji, akakohoa, akatapika tena. Machogu alivua kofia akageuka kutazama kilima, kwa heshima, kwa sababu bado nilikuwa nimemshika msichana.

Alipopata pumzi, alinitazama usoni.

"Tata," akasema, "nilisema iishie kwa paja."

"Sikuangalia," nikamwambia. "Ulipoonyesha, nilikuwa naangalia ng'ombe."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ngeni. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi kikohozi kikamrudia, na kicheko kikageuka kilio, na Gesare akamkumbatia wakalia pamoja. Mimi sikulia wala kucheka. Nilikaa kwenye matope, na gambuti moja sijui ilibaki wapi.

Wiki ile wakubwa walikaa kulijadili jambo langu. Mchungaji aliomba. Dada yangu mkubwa Bathsheba alikuja kutoka Kiogoro akasema chinsoni imevunjwa na lazima mbuzi achinjwe. Gesare akasema sawa, tuombe na tuchinje. Tulipokuwa tunakula, Bathsheba aliniuliza mbele ya wote nilimshika msichana wapi. Nikamwambia popote palipopatikana. Alitafuna nyama yake kwa muda, akasema basi yamekwisha.

Kwangu hayakwisha. Usingizi ulinitoroka. Nilikuwa nimekaribia kumuua mke wa mwanangu kwa adabu nzuri, na hakuna mtu aliyenilaumu. Duke alishuka bondeni, akatoboa ukingo maji yakatoka, akachukua sepetu akaanza kurudisha udongo katikati. Nikajiunga naye. Tulijaza na kushindilia siku baada ya siku, baba na mwana.

"Injinia," Machogu aliuliza, "sasa unazika nini?"

Nilimwambia nazika akili zangu, akasema hizo zingetosha kwenye shimo dogo. Alichukua sepetu akatusaidia.

Nyakerario hakushuka bondeni siku zote hizo. Alikaa jikoni na Gesare, na kicheko chake sikukisikia. Nilidhani tumemmaliza, kwamba tumemrudishia pwani mwanamke anayeogopa maji, na mashindano yake basi. Kisha maji yalipojaa tena, alikuja. Gesare alikuwa naye lakini hakumtuma. Alisimama mbele yangu mwenyewe.

"Tata, nataka kuruka tena," akasema. "Lakini kwanza wewe uingie utembee. Nataka kuona kwa macho."

Nilivua viatu. Nilikunja suruali yangu hadi juu, mbele ya mke wa mwanangu, mbele ya Machogu na wanawake waliotoka kuchuma chai. Miguu yangu ni myembamba na haijaonekana hadharani tangu nibatizwe, na kuna mtu alicheka. Niliingia nikatembea kidimbwi chote kwa urefu, katikati yake kabisa, polepole, nikikanyaga kila mahali. Nyakerario alitembea ukingoni sambamba nami, macho kwenye miguu yangu, hakuyaondoa hata mara moja. Maji hayakupita mapaja.

"Sasa nimeona," akasema.

Duke alikuwa amekwisha kuwasha gari. Nyakerario akabeba mwavuli wake mgongoni, akaanza kupanda kuelekea barabarani.

"Nyakerario," nikamwita. Sikuwa nimewahi kulitamka jina lake mbele yake. Aligeuka. Gesare naye aligeuka, akakaa tayari kupokea ujumbe, lakini sikuwa na ujumbe wa kumpa.

"Naogopa," nikamwambia.

"Hata mimi, tata," akasema. "Kila mara."

Akaingia garini wakaondoka. Nami nikabaki nimesimama ndani ya maji, nikimngoja.